Bustani ya Roshani

Watu wengi hudhani kuwa mtu aliyepanga nyumba ya ghorofani ameagana na kilimo. Ardhi ameiacha chini, ngazi arobaini au hamsini mbali na mlango wake, na hata hiyo ya chini imefunikwa saruji na kupigwa mistari ya kuegeshea magari. Lililobaki mkononi mwake ni roshani, yaani kile kibaraza chembamba kinachoning'inia nje ya ukuta, ambacho aghalabu huwa makao ya mtungi wa gesi, ufagio, ndoo za akiba na kamba ya kuanikia nguo. Ni juu ya kibaraza hicho, msomaji wangu, ninapotaka kuzungumza nawe. Sitakuahidi kuwa kitageuka shamba, maana hakitageuka. Nitakuambia tu kwamba mtu apandaye hata mche mmoja mahali pale hujitwika kazi ya namna ambayo mkulima wa shambani hakuizoea.

Tazama tofauti yenyewe. Mkulima wa shamba ana washirika wengi wasiodai ujira. Mvua humnyweshea. Mizizi ya mihogo yake hushuka ikajitafutia maji palipo na maji. Nyungunyungu humlimia usiku, na majani yaliyopukutika huoza yakawa chakula cha mazao ya mwaka ujao. Akishikwa na homa siku tano, shamba halifi. Pengine hata halijui kuwa mwenyewe hayupo. Lakini mmea wa roshani hauna mshirika. Umetiwa katika mkebe, mzizi wake ukishuka hukuta bati, ukienda kando hukuta bati. Kila tone la maji, kila chembe ya mbolea, hata nafasi ya kuliona jua, huvipata kwako wewe au havipati kabisa. Siku tano za homa yako ni msiba wake.

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wa Ulaya, na mafundisho yake huanzia katika yale majira wanayoyaita ya kuchipua. Katika nchi kama Uingereza, miezi ya Machi, Aprili na Mei ndiyo kufunguka kwa mwaka: baridi kali hulegea, mchana hurefuka, na mbegu iliyolala hupata joto la kuiamsha. Pakiti za mbegu kutoka huko huandikwa, panda Machi hadi Mei. Sisi wa Nairobi tukisoma maneno hayo tunafurahi, kwa kuwa miezi hiyohiyo ndiyo masika yetu, wakati majembe yanapotoka uvunguni. Basi huonekana kana kwamba mafundisho ya kule yametufaa bila kubadilishwa neno. La hasha! Kule kinachongojwa ni joto na mwanga, na hapa kinachongojwa ni maji. Miezi imelingana kwa jina tu, sababu hazikulingana.

Tena vitabu hivyo hushauri kuwa roshani njema ni ile inayotazama kusini. Kwao ni kweli tupu, maana jua la adhuhuri kwao hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi haiko hivyo. Mji huu uko kusini ya ikweta kwa kiasi cha digrii 1 na robo hivi, na jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka: katikati ya Machi likienda kaskazini, na mwishoni mwa Septemba likirudi kusini. Kwa hiyo roshani inayotazama kaskazini hulipata jua tangu Machi hadi Septemba, na inayotazama kusini hulipata tangu Septemba hadi Machi. Za mashariki na magharibi hupata nusu ya siku kila siku, asubuhi au alasiri, na mwenye nazo hana haja ya kujisumbua na hesabu hii.

Roshani yangu iko ghorofa ya tatu nayo hutazama kaskazini. Tangu Oktoba mpaka nusu ya Machi jua halikanyagi sakafu yake. Kisha, katika majuma yaleyale ambayo mawingu ya masika huanza kukusanyika, jua huvuka utosi na kuanza kuingia kidogo kidogo chini ya dari. Hayo ndiyo majira yangu ya kuchipua, na sidhani kuwa Mwingereza mwenye theluji yake huyangoja kwa hamu kunishinda.

Kama unaishi ghorofani, hili unaweza kulihakikisha mwenyewe, na vifaa vyake ni kipande cha chaki na saa. Chagua Jumamosi yenye anga safi. Kila saa, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, chora sakafuni ukingo wa mwanga ulipofika, uandike na saa kando yake. Nilipofanya hivyo katikati ya Aprili, mwanga wa saa sita na nusu, ambao ndio wakati jua letu la Nairobi linapokuwa juu kabisa, uliingia nusu mita tu kutoka kwenye vyuma vya ukingo. Nilipochora tena karibu na tarehe 21 Juni, ulikuwa umepita mita moja. Mistari hiyo ya chaki ilinifundisha mengi kuliko kurasa kadha wa kadha. Mboga za majani huridhika na saa nne za jua kwa siku. Nyanya na pilipili hutaka saa sita au zaidi. Kwa hiyo mwezi wa Aprili mikebe yote hupangwa mstari mmoja ukingoni kama wanafunzi wa paredi, na mwezi wa Juni nafasi huwa ya safu mbili.

Nimetaja mikebe. Chombo chochote kitafaa, ndoo iliyopasuka mpini, karai kuukuu, mtungi wa plastiki uliokatwa nusu, mradi kiwe na matundu chini. Matundu hayana mjadala: mizizi huvuta hewa, na iliyozama majini hufa kwa kukosa pumzi kama afavyo mtu. Usitumie mkebe uliokuwa wa rangi ya nyumba wala wa dawa ya wadudu, maana rangi za zamani zaweza kuwa na risasi, na sumu hiyo hupenda majani. Udongo mwekundu wa Nairobi ni mzuri ajabu ukiwa ardhini, lakini ukitiwa peke yake katika mkebe hugandamana kama tofali. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza vema, na moja ya mchanga. Na uangalie uzito: ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa hupita kilo 30. Ziweke karibu na ukuta au karibu na ukingo kama jua lidaivyo, ila zienee, zisirundikane mahali pamoja, na kamwe mkebe usikae juu ya vyuma vya ukingo. Chini hupita watoto.

Wenye nafasi finyu kuliko yangu walikwisha kulitatua jambo hili kwa gunia. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, bustani za magunia zilienea sana katika mtaa wa Kibera, na nyingine bado zaonekana milangoni. Ustadi wake upo katikati. Mkebe usio na kitako husimamishwa ndani ya gunia, ukajazwa mawe, na udongo ukatiwa kuuzunguka. Mkebe huvutwa juu kidogo, hutiwa mawe tena na udongo tena, mpaka gunia lijae na nguzo ya mawe isimame kutoka juu hadi chini. Maji yamwagwayo juu hupita katika nguzo hiyo na kuifikia mizizi ya kila upande, kwa sababu miche haikupandwa juu peke yake. Imechomekwa pia katika matundu ubavuni mwa gunia, safu kwa safu. Sijapata kuona eneo dogo la sakafu likitumiwa kwa akili kubwa kuliko hiyo.

Sasa nije kwenye maji, na hapa ndipo nitakapokaa. Masika ya mwaka 2024 yalikuwa ya kutisha. Mafuriko yaliua watu katika sehemu nyingi za Kenya, na hapa Nairobi yalibomoa nyumba za watu kando ya mto Mathare. Usiku kucha tulikuwa tukisikia mvua ikipiga mabati ya jirani. Na katika usiku huohuo, mita moja na nusu kutoka mahali mvua ilipokuwa ikianguka, mikebe yangu ilikuwa mikavu. Dari la roshani ya juu liliikinga isipate hata tone, isipokuwa upepo ulipogeuka. Tena mabomba ya jengo letu yalikuwa yamenyamaza siku nne. Ukiwa na mmea unaonyauka kwa kiu huku radi inapiga na mitaro inafurika, ndipo unapoelewa maana ya kuwa mshirika wa pekee. Nilitoa beseni nje ya vyuma kwa mkono, nikakinga. Beseni hujaa upesi katika mvua ile, nalo huwa zito. Maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia mboga nayo hayakumwagwa. Tuliyahifadhi katika ndoo, tukanyweshea jioni.

Nasema tuliyahifadhi kwa kuwa wakati ule hatukuwa peke yetu. Mama yangu alikuwa ameletwa kwetu mwezi wa Februari kutoka Vihiga, amevunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, na daktari akataka akae karibu kwa miezi sita ili apate mazoezi ya kutembea. Mama ni mtu ambaye tangu nipate fahamu sikuwahi kumwona ameketi mchana, isipokuwa anachambua mboga au anapukuchua mahindi. Alipowekwa kitini sebuleni, mikono yake ikawa juu ya mapaja kama vitu alivyopewa amshikie mtu. Hakulalamika. Ila masika yalipoanza alikosa usingizi. Radi ikipiga usiku husikia magongo yakigonga sakafu, naye huyo dirishani. "Mwanangu," akaniuliza usiku mmoja, "kule wamekwisha kupanda?" Asubuhi alimpigia simu mke wa ami yangu, akahesabiwa mistari ya maharagwe mmoja mmoja. Baada ya simu kama hizo alikuwa akiniambia kuwa amepona na anataka kurudi, na mimi niliyeona jinsi alivyouvuta ule mguu nilijua kuwa hajapona. Mfupa ungevunjika tena katika ile njia ya mteremko iendayo kisimani kwake, na mara ya pili, kwa umri wake, pengine asingeinuka.

Sikumpeleka roshani kwa nia ya kumponya. Ningesema hivyo ningekuwa ninajisifu. Alikwenda mwenyewe, kwa sababu ya kuchoshwa na sebule, akaketi penye ile mikebe yangu ya sukuma wiki akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaugusa udongo kwa kidole. "Huu nao," akasema, "waletewa maji kama mimi." Hakucheka aliposema, wala mimi sikupata la kujibu.

Tangu siku ile unyweshaji ukawa wake, na mimi nikawa mchota maji. Kwanza alinikataza kunyweshea adhuhuri, akasema asubuhi au jioni, na kwa taratibu, mpaka maji yatoke chini ya mkebe, kisha basi. Kidole kilikuwa kipimo chake: kikiingia hadi fundo la pili kikatoka kikavu, nywesha, kikitoka na udongo umekishika, acha. Aliagiza mbegu kutoka nyumbani, nazo zikaja kwa basi, zimefungwa katika pembe ya leso: saga, ambayo kwetu huitwa tsisaga, managu, na mrenda. Alizipanda kwa kuketi, mkebe umewekwa juu ya kiti mbele yake. Saga alizimwaga palepale zitakapokua, kwa kuwa mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Managu alizisia katika karai, akazihamisha zilipopata majani manne au matano. Na kila shada la ua lilipotaka kutoka alilikata kwa ukucha, ili nguvu irudi kwenye majani. Hayo yote nilikuwa nimeyaona utotoni mwangu kila mwaka bila ya kuyatazama.

Zamani, vijana wa mjini waliona haya kuonekana na mboga hizi. Zilihesabiwa kuwa chakula cha maskini, na kabichi ndiyo iliyokuwa na heshima. Mabadiliko yaliyopo leo, hata managu yauzwe katika maduka makubwa, ni kazi ya watu wengi, na mmoja wao ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambaye ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga za kienyeji na kuonyesha kuwa katika madini na vitamini nyingi zao hulishinda hilo kabichi. Mama hakupata habari zake, lakini angemkubali. Saga aliipika kwa maziwa, ikalala usiku mmoja ili uchungu wake upungue, tukaila kesho yake.

Lakini nisikudanganye, msomaji. Wako watu wasemao kwamba mtu mwenye roshani hatanunua mboga tena. Mimi niliweka daftari tangu Aprili hadi Agosti, na kwa mikebe tisa tulipata mboga ya chakula cha jioni kimoja kwa juma, na siku nyingine ilikuwa haba. Sukuma wiki moja hutoa majani mawili au matatu kwa juma. Watu wanne wakae mezani, hesabu utaimaliza mwenyewe. Mama mboga wa pale langoni hakupoteza mteja. Mtu akiniuliza apande nini kwa faida ya mfuko, nitamwambia aache mboga za kujaza sufuria, apande zile ambazo jikoni hutakiwa kidogo kidogo, na ambazo zikinunuliwa fungu zima nusu yake huoza: dania, mnanaa, kitunguu cha majani, pilipili, rozmari. Mbegu ya dania inayouzwa dukani kwa hakika ni mbegu mbili zilizoshikana. Isugue polepole kati ya viganja ipasuke, uilaze kina cha sentimita moja, ungoje juma moja hadi mawili. Kitunguu cha majani hakitaki mbegu: kata majani upike, chomeka kitako chenye mizizi udongoni. Mnanaa hutoa mizizi katika gilasi ya maji, ila upe mkebe wake peke yake, kwa maana ukichanganywa na wenziwe utawadhulumu. Rozmari, kinyume chake, huchukia miguu yake kulowa. Huo ndio mmea wa mtu anayesahau.

Hiyo ni hesabu ya mfuko, nayo ni ya haki. Walakini ningaliifuata hesabu hiyo mwaka ule, nisingepanda saga.

Na maua? Wako wanaoyaona kuwa anasa mahali ambapo hata dania hubanana. Wenyeji wa Mwambao wangewashangaa. Kwao mrehani na asumini ni mimea ya nyumbani tangu zamani, hutiwa katika kikuba na kuvaliwa na wanawake, na nyumba nyingine katika Mji wa Kale wa Mombasa zina roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi ambao saruji yetu haiujui. Mrehani wangu nilipewa na mwalimu mwenzangu wa huko, kijiti kilichofungwa katika gazeti lililolowa, nao hufanya kazi mbili: huingia katika mchuzi, na ukiachwa ukatoa maua huita nyuki. Sikutarajia kuwa nyuki watapanda mpaka ghorofa ya tatu. Walipanda. Juma moja nyuma yao akaja chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua mwenye mdomo uliopinda, akaning'inia kwenye kamba ya nguo, akatazama huku na huku kama mtu aliyekosea nyumba. Mama alikaa kimya mpaka akaondoka, kisha akaniambia jina lake la kwetu, nami nilikuwa nimelisahau.

Maadui nao hawakosi kupanda ngazi. Vidukari huja juu ya sukuma wiki kana kwamba walialikwa, wakajikusanya chini ya majani na katika kitovu cha mmea. Wakiwa wachache, wafute kwa kidole. Wakiwa wengi, maji yenye sabuni kidogo yatawaua, nayo majani uyasuuze kabla ya kula. Ukimwona yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, usimfukuze, kwa kuwa chakula chake ni vidukari hao. Maji yasimame katika visahani vya chini zaidi ya siku chache tu, utakuwa unafuga mbu. Katika joto yai huweza kuwa mbu anayeruka kwa siku kumi au hata pungufu. Tena kumbuka kuwa mwenye roshani ana jirani chini yake, ambaye naye ana kamba ya nguo. Tope la samadi juu ya shuka jeupe limevunja ujirani mwingi kuliko kelele za redio. Visahani huzuia jambo hilo, na zaidi ya visahani, kunyweshea jioni nguo zikiisha kuanuliwa.

Mwezi wa Julai mambo yalipoa. Wakati huo Nairobi hufunikwa na mawingu majuma mazima, na jua ambalo kwa hesabu ya chaki lingefika mita moja ndani halionekani kabisa. Mboga husimama pasipo kukua, wala kuzizidishia maji au mbolea hakuziharakishi. Hapo wengi huzidisha, wakaziua. Mama alizipunguzia maji, akawa anatembea. Mazoezi ya daktari aliyafanya asubuhi, hatua ishirini sebuleni, na ya kwake aliyafanya jioni: kutoka kitini hadi mkebe wa mwisho na kurudi, mkono mmoja ukutani, bila gongo. Hakuniambia kuwa anafanya hivyo. Niliona alama za udongo wa vidole vyake ukutani, zimepangwa kila hatua mbili, na kila juma zikipungua.

Alirudi Vihiga mwishoni mwa Agosti, kwa gongo moja. Nilimwuliza kama atapanda mboga zake karibu na mlango kwa muda, asishuke kisimani. Alisema shamba haliletewi mtu mlangoni. Lakini mke wa ami yangu ameniarifu kwamba zimo ndoo mbili penye ngazi ya nyumba yake, na zina udongo.

Kwa upande wangu, Septemba ilikuwa na neno lake. Jua lilianza kurudi juu ya utosi, na mstari wa mwanga ukarudi nyuma kila juma mpaka ukawa upana wa kiganja. Mlango unaokabiliana na wangu ni wa jirani ambaye roshani yake hutazama kusini. Yeye naye alikuwa na mikebe kadhaa iliyodhoofika tangu Aprili, na hakujua sababu. Nilimwonyesha kwa chaki. Tulikubaliana kuwa mikebe iende na jua: itakaa kwake tangu Septemba hadi Machi, na kwangu tangu Machi hadi Septemba, kila mmoja akinyweshea iliyo kwake na kuchuma humo, bila kuhesabiana majani. Jumamosi ya tarehe 28 Septemba 2024 tuliivusha ujia, wanawe wawili wakishika ile mizito kwa pande mbili. Saga ilikuwa imekwisha kuzaa, na mbegu zake nilizikung'uta katika bahasha nikaandika mwaka. Rozmari na mrehani vilikwenda, na dania pia. Mnanaa niliubakiza, kwa maana huo huvumilia kivuli, na mimi hutaka majani yake alfajiri, saa ambayo si adabu kumgongea mtu mlango.